Umeme Ulipita Juu ya Mashamba

Msomaji mpenzi, siku ya soko simama kidogo kando ya barabara ya Kashuga, uangalie mizigo inayopita. Kuna maharagi, mahindi, mihogo mikavu, ndizi, viazi, na jibini za mviringo, zile sisi tunaita fromaji, toka malisho ya juu. Mizigo mingine inaelekea Mweso, Kitshanga, Sake, mpaka Goma. Mingine inashika njia ya Kalembe na Pinga, kwenda kulisha wanaochimba mawe kule Walikale.

Sasa jiulize: katika vitu vyote hivi, ni kipi umeme umekigusa? Ukitafuta vizuri utaona karibu hakuna. Vimeguswa na jembe, na mkono, na jua, na mgongo wa mama. Kama mahindi yamesagwa, yamesagwa na mashini ya mazutu.

Wengi wetu tukisikia neno "umeme" tunafikiri taa, simu na muziki. Vyote ni vizuri. Lakini mkulima anahitaji kuuliza jambo lingine: umeme unaweza kufanya nini kwa mavuno yangu yasioze, yasiuzwe kwa bei ya hasara, na kwa watoto wa kike wasipoteze nusu ya siku wakitwanga? Na kwa nini mpaka leo haukufika shambani? Hadithi yenyewe ni ndefu, na ninyi mnaoishi karibu na machimbo mtaielewa kuliko wengine.

JIWE LILIPATA UMEME, SHAMBA LILIPATA AMRI

Wakati wa Wabelgiji, mwaka wa 1917, ilitoka sheria ya kulazimisha wanavijiji kulima mazao fulani, kama pamba na mpunga. Mkulima alipewa mbegu, akapewa amri, akapewa na bei. Mashini hakupewa.

Mgodi ulitendewa namna nyingine. Mwaka wa 1930 mtambo wa maji wa Mwadingusha ulianza kazi kule Katanga ili kulisha viwanda vya shaba. Mwaka wa 1933 ulikuja ule wa Piana-Mwanga, kwa ajili ya bati ya Manono. Baadaye Nzilo mwaka wa 1952, na Nseke mwaka wa 1956, yote miwili kwenye mto Lualaba, tena kwa shaba. Angalia ramani, ndugu: mahali palipo na jiwe la bei, pale mto ulifungwa na nyaya zikavutwa.

Mashamba yaliyokuwa na nguvu ya mashini yalikuwa yale makubwa ya makampuni. Viwanda vya mafuta ya ngazi na vya sukari vilijitengenezea nguvu vyenyewe, kwa kuchoma maganda ya ngazi ao makapi ya miwa. Misheni kadhaa za Kivu nazo zilijenga turbini ndogo kwa hospitali na karakana zao. Lakini shamba la mwanakijiji lilibaki nje ya waya.

Baada ya uhuru, je, mambo yaligeuka? Mwaka wa 1970 serikali iliunda kampuni ya umeme, SNEL. Inga ya kwanza ilianza mwaka wa 1972, Inga ya pili mwaka wa 1982. Halafu ukavutwa waya mkubwa toka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1.700 hivi, ukipita juu ya mashamba ya mihogo na vijiji visivyohesabika. Ulikuwa wa nini? Wa shaba.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawajui. Waya ule unabeba umeme wa namna ya pekee, wa mkondo mmoja na wa nguvu kubwa kabisa. Hauwezi kuukata katikati na kuingiza tawi kijijini, kama vile unavyokata tiyo ya maji na kuweka robine. Unahitaji kituo kikubwa na cha bei kali kuugeuza. Kwa hiyo mkulima wa chini ya waya ule aliona nguzo, alisikia mlio, na usiku aliwasha kibatari.

Kwetu Kivu, mtambo wa kwanza wa Ruzizi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili mwaka wa 1989, kwa ushirika wa Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi. Umeme ukafika Bukavu, ukafika Goma. Vijiji vingi vya Masisi na Walikale vilibaki gizani.

Kiisha mengine yakaongezeka. Mwaka wa 1973 mashamba makubwa ya wageni yaligawiwa kwa wenye inchi, na mengi yakaanguka kwa kukosa matunzo. Mashini zikafa, vyuma vikauzwa. Mwaka wa 1993 vita vikaanza soko la Ntoto, Walikale, vikaenea Masisi. Tangu pale ni watu wangapi wamekimbia Kashuga, wakarudi, wakakimbia tena? Hakuna anayevuta waya mahali wenye nyumba wenyewe hawajui watalala wapi mwezi ujao.

Leo hii, kwa hesabu za miaka ya karibuni, katika vijiji vya Kongo ni mtu 1 hivi kwa 100 ndiye mwenye umeme. Na jiwe bado linatangulia. Kule Bisie, Walikale, kiwanda cha bati kilianza kazi mwaka wa 2019 kwa jenereta zake chenyewe. Jiwe haliozi likingoja barabara. Maziwa na viazi vinaoza.

KWA WENGINE ILIKUWAJE?

Pengine utasema: "Ni vile tu, umeme ni kitu ya muji na ya kampuni." Hapana. Tuangalie mahali pengine.

Marekani, inchi ya matajiri, mwaka wa 1935 ni shamba 1 hivi kwa 10 lililokuwa na umeme. Makampuni yalikataa kwenda vijijini. Yalisema wakulima wanakaa mbali mbali, hawatalipa. Basi serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda ofisi ya kukopesha feza, na wakulima wenyewe wakaunda koperative za kuvuta waya. Katika miaka 20 hivi, mashamba zaidi ya 9 kwa 10 yalikuwa na umeme. Kazi ya kwanza ya umeme ule haikuwa taa peke yake. Ilikuwa kuvuta maji, kukamua ng'ombe na kupoza maziwa.

Tanganyika, mwaka wa 1936, mtambo wa maporomoko ya Pangani ulianza kutoa umeme kwa mji wa Tanga na kwa mashamba ya mkonge. Pale nako ulikwenda kwanza kwa wenye mashamba makubwa. Lakini katika miaka ya 1980, kule Matembwe, Njombe, mtambo mdogo wa maji ulijengwa kwa ajili ya kijiji. Umeme wake ulitumika kutotolesha vifaranga na kusaga chakula cha mifugo. Kijiji kilikuwa na kitu cha kuuza, na kwa sababu hiyo kiliweza kutunza mtambo.

Kenya, wakulima wadogo wa chai, ambao viwanda vyao viko chini ya shirika lao KTDA, waliona gharama ya umeme inakula bei ya majani. Wakajenga mitambo yao ya maji. Ule wa mto Gura, upande wa Nyeri, unalisha viwanda vinne vya chai.

Na hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini? Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, ilipata mtambo mdogo mwaka wa 2013, kwa maji yanayotoka ndani ya hifadhi ya Virunga. Baada ya umeme kilikuja kiwanda cha sabuni kinachotumia mafuta ya ngazi, na baadaye cha shokola kinachotumia kakao ya wakulima wa pale. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 ulifuata mtambo mkubwa zaidi wa Matebe, Rutshuru, wa megawati 13 hivi. Vita havikukosa pande hizo, na vimeleta hasara na vifo. Lakini sasa hakuna anayeweza kusema kwamba umeme na shamba la Kivu havipatani.

TUNALIPA BEI GANI KWA KUKOSA?

Chukua maziwa. Maziwa ya ng'ombe yanatoka ya moto kama mwili wa ng'ombe. Usipoyapoza mpaka digri 4 ndani ya saa chache, yanaanza kuharibika. Toka malisho ya Masisi mpaka Goma, kwa barabara yetu na baryeri zake, saa chache hazitoshi. Ndiyo maana tuna fromaji. Ni dawa waliyotumia watu wa milima yasiyo na umeme: kugeuza maziwa yawe kitu kinachoweza kusafiri. Ni ufundi mzuri, na inchi nzima inauheshimu mpaka Kinshasa. Lakini mwenye ng'ombe wawili, aliye mbali na mtengenezaji, mara mingi anauza maziwa kwa bei ya huruma ao anayaona yakiganda kwenye bido.

Chukua mahindi. Yakiwekwa ghalani na maji mengi ndani, zaidi ya sehemu 14 kwa 100, yanaota ukungu, na ukungu mwingine una sumu inayodhuru ini. Kwa kuogopa hiyo, mkulima anauza yote mwezi wa mavuno, wakati kila mtu anauza. Miezi mitatu baadaye ananunua unga kwa bei mara mbili.

Chukua mashini ya kusaga. Kila litri ya mazutu inayofika Kashuga imelipa gari, imelipa barabara, imelipa baryeri. Nani anarudisha feza hiyo? Ni mama mwenye kibeseni cha mahindi. Na siku mazutu inakosekana anajibiwa: "Leo mashini haitembei, mama, mutarudia kesho." Anarudi nyumbani kutwanga, na binti hakwenda shule.

UMEME MDOGO UFANYE KAZI GANI KWANZA?

Ndugu msomaji, hatutakuambia ungoje Inga. Milima ya Masisi ina kitu ambacho nyanda za inchi nyingine hazina: maji mengi yanayoshuka kwa haraka. Kijito kinachoanguka mita 40 kinaweza kuwa na nguvu kuliko mto mpana unaotembea polepole.

Hesabu yake si ngumu. Hesabu litri za maji zinazopita kwa sekunde moja. Zidisha kwa mita za kushuka. Halafu zidisha kwa 5. Jibu ni wati unazoweza kutumaini kwa mtambo mdogo wa kawaida. Mfano: litri 50, mara mita 40, mara 5, ni wati 10.000. Mota ya kusaga ya nguvu za farasi 10 inakula kama wati 7.500, na inaweza kusaga zaidi ya kilo 100 za mahindi kwa saa. Lakini kumbuka, mota inapoanza inanyonya umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka. Kwa hiyo usipime kwa kubana. Fundi aandae namna ya kuiwasha polepole, ao mashini ifungwe moja kwa moja kwenye turbini kwa mkanda, bila kupitia umeme. Usiku, wakati mashini imelala, nguvu ileile inaweza kuwasha taa za kituo cha afya.

Mahali pasipo kijito, kuna plaki za jua, ambazo bei yake imeshuka sana tangu mwaka wa 2010. Zinafaa kwa pampu ya maji ya bustani, kwa friji ndogo, kwa mashini ya kutotolesha mayai. Lakini mayai yanataka joto la digri 37 na nusu hivi kwa siku 21, usiku na mchana. Plaki bila batri nzuri itakuletea mayai yaliyokufa.

Na kuna kazi ambazo si za umeme mdogo. Kupika, kuchemsha, kukausha magunia kwa joto la waya: kazi hizi zinakula umeme kama moto unavyokula majani makavu. Kukausha mahindi na mihogo, tumia jua, juu ya shitingi ao kitanda cha miti, mbali na udongo. Jua halina fakitire.

KABLA YA KUTOA FEZA, ULIZA

Katika sehemu zetu tumeona mashini nyingi zimefunikwa na utando wa buibui. Mara mingi kilichoziua ni maswali ambayo hayakuulizwa. Haya ndiyo maswali:

1. Maji ni kiasi gani wakati wa kiangazi? Usipime mwezi wa kumi na moja, kijito kikiwa kimejaa. Pima mwezi wa saba. Yaongoze maji yote yaingie katika pipa la litri 200; likijaa kwa sekunde 4, una litri 50 kwa sekunde. Mita za kushuka, mwashi anaweza kuzipima kwa mpira mwembazi uliojazwa maji.

2. Udongo wa mfereji ni wa nani? Masisi tunajua ugomvi wa mashamba. Kama mfereji unapita katika shamba la mtu, ao katika malisho ya mwenye ng'ombe wengi, maneno yaishe mbele ya chifu na wazee, na yaandikwe, kabla ya jembe la kwanza.

3. Nani atashika ufunguo na nani atashika feza? Wasiwe mtu mmoja. Na katika komite wawemo wamama, kwa sababu wao ndio wanaoleta mahindi, na ndio wanaojua mashini inafunguliwa saa ngapi na inakosea wapi.

4. Kila kibeseni kikisagwa, kiasi gani kinawekwa kando kwa kununua mkanda, nyundo za mashini na grisi? Mashini isiyo na sanduku la matengenezo imekwisha kufa, hata kama bado inazunguka.

5. Wakimbizi waliomo kijijini watalipa bei gani? Kashuga imepokea watu wengi waliokimbia. Wakiwekewa bei ya juu kwa kuwa ni wageni, mashini italeta chuki. Wakiwekewa bei moja na wote, watakuwa wateja wake wazuri.

6. Tukikimbia, itakuwaje? Swali hili linauma, lakini lazima. Jueni mapema vitu gani vinaweza kufunguliwa na kubebwa: mota, mkanda, plaki. Turbini na mfereji vitabaki. Afazali komite ijue siku ile nani anabeba nini, kuliko kila mtu abebe chake.

Sheria ya inchi haikatazi kazi hii. Tangu sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014, SNEL si peke yake yenye haki ya kutengeneza na kuuza umeme. Lakini kuuza umeme kwa watu kunataka ruhusa. Ulizeni kwanza, muandike, mulinde karatasi.

FEZA ITATOKA WAPI?

Hapa tuseme wazi kwa ninyi mlio machimboni. Katika jamaa nyingi za Masisi na Walikale, baba ao kijana yuko kwenye shimo la koltani ao kasiterite, na mama yuko kwenye maharagi. Feza ya jiwe inakuja kwa ghafula na inakwisha kwa ghafula: pikipiki, bia, redio, deni. Mwezi ambao shimo limefungwa ao limeanguka, ni maharagi ya mama yanayolisha nyumba.

Vijana kumi wa shimo moja wakiweka kando kidogo kila walipolipwa, kwa mwaka mmoja, wanaweza kuanza kununua kitu ambacho mtu mmoja hawezi. Hatusemi ni rahisi. Wako watakaoogopa kwamba mwenye sanduku atakimbia nalo, na wana haki ya kuogopa. Ndiyo sababu ya ufunguo kushikwa na watu wawili, na hesabu kusomwa mbele ya wote kila mwezi.

Umeme nao usiufanye mfalme. Kule Punjab, India, serikali iliwapa wakulima umeme wa bure kwa pampu zao tangu miaka ya 1990. Mavuno ya mpunga na ngano yalikuwa makubwa, lakini watu walivuta maji usiku na mchana mpaka maji ya chini ya udongo yakashuka mbali. Kitu kisicho na bei hakuna anayekichunga. Kwetu hatari ni nyingine: miti ya juu ya kijito ikikatwa kwa makala, maji ya mwezi wa saba yatapungua, na turbini itasimama hata kama kila chuma chake ni kizima. Mwenye kutaka mashini aanze kulinda msitu wa chanzo.

Basi, msomaji, kiangazi kitakapofika, chukua pipa, chukua saa, na mtu wa kukusaidia. Nendeni kwenye kijito cha karibu, mupime. Andika tarehe na hesabu katika daftari, na urudie mwaka ujao. Haitagharimu hata franka. Na siku mtu wa koperative, wa serikali ao wa shirika atakapofika kijijini kwenu kuuliza, "Munahitaji nini?", hamtajibu "umeme" tu. Mtafungua daftari.